Kompyuta Yenu Haijafa, Diski Ndiyo Iliyochoka

Hotuba ya fundi kompyuta kwa wazazi na walimu, mkutano wa wazazi wa shule ya sekondari, Tanga

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mkuu wa shule, walimu, wazee wangu: shikamooni. Wanafunzi mliosimama kule nyuma, hamjambo. Asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Wiki iliyopita mkuu wa shule alipita kibandani kwangu Ngamiani akaniambia, "Fundi, wazazi wananiuliza kama waitengeneze kompyuta ya zamani iliyoko nyumbani au wanunue nyingine, nami sina cha kuwajibu." Nilikubali kuja palepale. Swali hilo naulizwa kuliko jingine lolote, na linaniuma kwa sababu wengi wananiuliza wakiwa wameshatoa hela.

Niwape kisa. Mama mmoja ninayemheshimu sana, muuza vitumbua na chai, binti yake alipata nafasi ya chuo. Nyumbani walikuwa na laptopu ya Dell yenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Core i5, waliyoachiwa na mjomba wa binti. Ilikuwa nzito kweli. Unaiwasha, unakwenda kuteka maji, unarudi bado kile kiduara kinazunguka. Mama akavunja kibubu, zamu yake ya upatu ilipofika akaongezea, akaenda dukani kununua mpya, imo ndani ya boksi na nailoni yake. Ile Dell akampa mtoto wa dada yake.

Miezi miwili baadaye binti akaniletea ile mpya. Imejaa, haipokei hata picha moja, na kila akifungua kurasa tatu za intaneti inaganda. Nikaifungua. Prosesa ni Celeron, ile ya daraja la chini. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 4, na imechomelewa kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, haina nafasi ya kuongeza nyingine. Hifadhi yake ni GB 64 za aina ya eMMC, chipu ya kuhifadhia ya bei ya chini, nazo zimechomelewa vilevile. Windows yenyewe, ule mfumo unaoendesha kompyuta, pamoja na masasisho yake ilikuwa imeshakula sehemu kubwa ya hizo GB 64. Hapakuwa na kitu ninachoweza kukitoa nikaweka kilicho bora. Wiki chache baadaye akaja yule mpwa na ile Dell. Nikatoa diski ya zamani, nikaweka SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, nikaongeza RAM ikawa GB 8. Nusu dakika, imewaka. Mpaka leo anaitumia.

Nilipomweleza mama, aliniuliza kitu kimoja tu: kwa nini dukani hawakumwambia. Sikuwa na jibu. Wahenga walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini yule mama hakudanganywa na unyemi. Alikosa mtu wa kumfungulia ile ya zamani amwonyeshe kinachoumwa. Hicho ndicho nilichokuja kukifanya leo.

Tuanze na huo uzito, maana malalamiko mengi yanayoletwa kwangu ni hayo: "Fundi, imezeeka, inachelewa." Wazee hapa mnakumbuka santuri. Sahani inazunguka, sindano inatafuta wimbo. Diski ya zamani ndani ya laptopu inafanya kazi kwa mtindo unaokaribiana na huo. Ina sahani zinazozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na mkono mdogo unaoruka huku na huko kutafuta faili. Kila mruko unachukua sehemu ndogo ya sekunde, lakini si ndogo ya kutosha, kwa hiyo mkono ule haufikii hata sehemu 100 tofauti ndani ya sekunde moja. Sasa fikirini Windows inapowaka inadai maelfu ya vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika diski nzima. Prosesa yenu imekaa imekunja mikono, inasubiri mkono wa diski umalize kuzunguka mjini.

SSD haina sahani wala mkono. Ni chipu tupu. Inafika popote mara moja, kwa haraka inayozidi ile ya diski ya kuzunguka mara mia na zaidi. Ndiyo maana mashine ya 2014 ikiwekewa SSD mwenyewe anadhani umembadilishia kompyuta. Katika miaka yangu yote ya ufundi sijaona badiliko jingine linalofanana na hili kwa hela hiyo.

Mkirudi nyumbani jaribuni hivi. Washeni kompyuta, msubiri itulie, kisha mbonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha lenye asilimia. Diski ikiwa imekwama kwenye 100 muda mrefu huku prosesa iko kwenye 10 au 15, jibu mnalo. Msiende dukani kutafuta laptopu, nendeni kwa fundi mkaulize bei ya SSD. Ikiwa ni kumbukumbu, yaani RAM, inayokaribia kujaa wakati mmefungua kurasa mbili tu, basi RAM nayo ni ndogo. RAM ikijaa, kompyuta inaanza kuhamishia mizigo kwenye diski, na kama diski ni ile ya kuzunguka, hapo ndipo mnaposikia inakoroma na kusimama kabisa.

Kwa kazi za watoto wetu, kuandika, kufanya mazoezi, kutazama masomo ya video, kujaza maombi ya mkopo wa HESLB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, GB 8 zinatosha. GB 4 zinavumilika ukiwa na SSD na subira. Mkinunua RAM muwe waangalifu: DDR3 na DDR4 haziingiliani, ule mkato wa katikati umekaa mahali tofauti, na kuna watu wamevunja soketi kwa kulazimisha. Nendeni na mashine yenyewe mkononi. Niseme pia kwamba kuanzia miezi ya mwisho ya 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote, kwa sababu viwanda vimeelekeza nguvu kwenye mitambo ya akili mnemba, na SSD nazo zimefuata. Kwa hiyo RAM nzuri ya kunyofoa kutoka kwenye laptopu iliyokufa si kitu cha kudharau. Mimi nahifadhi kila moja ninayoipata, naijaribu usiku kucha kabla sijamuuzia mtu.

Lakini kabla ya kununua chochote, muulizeni fundi kama ameisafisha. Sisi tunaishi na bahari. Upepo wa chumvi huu unaotuburudisha jioni unaingia ndani ya kompyuta na kuotesha kutu ya kijani kwenye miguu ya chipu. Mara ngapi nimeletewa mashine "imekufa, haiwaki," nikachomoa RAM, nikaifuta miguu yake kwa kifutio cha penseli, nikairudisha, ikawaka! Vumbi linaziba feni. Ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na kipoza joto inakauka baada ya miaka, prosesa ikipata moto inapunguza kasi yenyewe ili isiungue, na nyinyi mnaiona imezeeka. Kusafisha na kupaka dawa upya ni kazi ya saa moja.

Na kuna kibetri kidogo cha mviringo kwenye madabodi, namba yake CR2032, kinafanana na cha saa. Kikiisha, kompyuta inasahau tarehe. Bibi mmoja aliambiwa mashine yake ina kirusi kisichotibika kwa sababu kila tovuti inakataa kufunguka na kutoa onyo la usalama. Kompyuta ilikuwa inaamini tuko mwaka 2012, na tovuti za leo haziwezi kuaminiana na mashine inayoishi 2012. Alikuwa tayari kuitupa. Kibetri hicho kinauzwa hata na mafundi saa.

Sasa nije kwenye jambo lililowatia watu hofu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Kompyuta yenye Windows 10 haikuzimika siku ile wala haitazimika. Kilichokoma ni yale masasisho ya bure ya kuziba matundu ya usalama, na kila mwezi unaopita matundu yanaongezeka bila kuzibwa. Kwa kompyuta inayotumika kuandika tu, haijaunganishwa na intaneti, hilo si tatizo kubwa. Kwa kompyuta unayoingilia barua pepe na akaunti ya benki, ni tatizo.

Windows 11 nayo ina masharti. Inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, hifadhi isiyopungua GB 64, na prosesa iliyomo kwenye orodha yao, ambayo kwa Intel inaanza, kwa kusema kwa ujumla, kizazi cha nane. Kusoma kizazi ni rahisi. Angalieni kibandiko au sehemu ya maelezo ya mfumo. Ukiona i5-6300U, ile 6 ya kwanza ndiyo kizazi: cha sita, haikubaliki. Ukiona i5-8250U, kizazi cha nane, inakubalika. Ukiona i5-10210U, hapo unasoma tarakimu mbili, kizazi cha kumi.

Yenu ikiwa ya kizazi cha saba au chini, mna njia tatu za halali. Ya kwanza, Microsoft imetoa mwaka mmoja wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani, hadi 13 Oktoba 2026, kwa kujiandikisha ndani ya kompyuta yenyewe. Huo ni muda wa kupumua, utumieni kuweka akiba. Ya pili ni kubadilisha mashine, nitaifikia. Ya tatu ndiyo ninayoipenda na watu wanaikwepa: kuweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows.

Nawaona mnatazamana. Nisikilizeni kidogo. Mifumo kama Linux Mint na Ubuntu ni ya bure, inasasishwa, na inakwenda vizuri kwenye mashine ambazo Windows 11 inazikataa. Ubuntu ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, na neno lenyewe ni ndugu wa neno letu utu. Mwaka huohuo, hapa kwetu, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye menyu za Kiswahili kitupu. Kwa hiyo hiki si kitu cha wageni tunachojaribishiwa. Kijana anayefungua intaneti, anayeandika kazi za shule na kutazama video hatakosa kitu. Atakayekosa ni yule ambaye chuo au kazi yake inadai programu fulani ya Windows peke yake, huyo nisimdanganye. Na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani.

Kuna njia ya nne, ya kichochoro: kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyokubalika. Inawezekana, mafundi wengi wanapiga Windows hivyo. Lakini Microsoft haiahidi kuendelea kuipa mashine hiyo masasisho. Fundi akikufanyia, akuambie hivyo usoni kabla hujalipa. Akinyamaza, hajakutendea haki.

Sasa, lini uiache? Hapa lazima nikiri kosa langu, kwa sababu limenifundisha kuliko mafanikio. Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea laptopu yake akitaka ifufuliwe, amezoea kibodi yake, anaandika humo kumbukumbu za maisha yake. Kwa mapenzi yangu kwake nikaweka SSD, nikaweka RAM, nikamwagizia na betri. Ikawa kama mpya. Baada ya wiki sita madabodi ikafa. Nilipoitoa yote nje nikaona kutu imetambaa chini ya chipu, mahali ambapo sikuangalia mwanzoni kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kumfurahisha. SSD tuliihamishia kwenye mashine nyingine, haikupotea, na maandishi yake yote yalikuwa salama. RAM haikuingia, ilikuwa DDR3 na mashine mpya ilitaka DDR4. Betri ikawa hasara. Nilimrudishia hela ya ufundi na ya betri, lakini wiki sita zile za furaha yake sikuweza kumrudishia.

Tangu siku hiyo siuzi spea kabla sijaikagua madabodi kwa taa na lenzi. Nanyi mdai hivyo kwa fundi wenu, popote alipo. Kama madabodi imeshawahi kuchomelewa mara moja, au imemwagikiwa chai na haikusafishwa siku ileile, msiiwekee hela ya maana. Kama bawaba imevunjika, skrini ina mistari, betri haishiki na kibodi imekufa herufi, kila kimoja kinatengenezeka, lakini jumlisheni kwanza. Kanuni yangu ni nusu. Tuseme laptopu iliyotumika, nzuri, ya kizazi cha nane, inauzwa shilingi 500,000. Matengenezo ya yenu yakizidi 250,000, acheni. Na hata yakiwa chini, jiulizeni kama kazi yenyewe imebadilika. Mtoto anayekwenda kusoma usanifu majengo au kuhariri video anahitaji prosesa na kadi ya michoro ambayo huwezi kuiongeza kwenye laptopu ya zamani. Prosesa ya laptopu nyingi haibadilishwi. Hapo SSD itampa mwanzo mwepesi na kukwama mbele ya safari.

Wenye kompyuta za mezani mna bahati. Skrini, kibodi, mausi na spika vinabaki. Mnabadilisha boksi tu.

Mkiamua kununua, msiogope mtumba. Laptopu za ofisi zilizotumika Ulaya, kina ThinkPad, Latitude na EliteBook, zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni, zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida, na nyingi zinakubali kuongezewa RAM na SSD. Kati ya hiyo na mpya ya bei ya chini yenye kila kitu kilichochomelewa, mimi namnunulia mwanangu ya mtumba bila kusita. Ila macho yafunguke. EliteBook 840 G3 na G5 zote zimeandikwa 840, muuzaji atazitaja kwa jina moja. G3 ni ya kizazi cha sita. G5 nyingi ni za cha nane, lakini zipo za cha saba, kwa hiyo msinunue kwa jina wala kwa ganda, someni namba ya prosesa mkiwa palepale dukani, imewashwa. Bonyezeni kila herufi ya kibodi. Ombeni kuona afya ya betri. Fungueni kamera. Kaeni nayo nusu saa mkiitumia, na muuzaji akikasirika mpeni shukrani zake muondoke.

Jambo moja nataka mlibebe hata kama mengine yatawatoka njiani. Vifaa vyote nilivyotaja vinanunulika. Mafaili hayanunuliki. Diski ya kuzunguka ikianza kutoa mlio wa tiki, tiki, tiki, zimeni mashine. Msiiwashe tena "mara moja tu nione." Kila ukiwasha, ule mkono unaweza kuwa unakwangua sahani. Nilipokea mjane aliyekuwa na picha za mume wake mahali pamoja tu duniani, ndani ya diski ya aina hiyo, na kijana wa nyumbani alikuwa ameshaiwasha siku nne mfululizo akijaribu kumsaidia mama yake. Tulipata picha kumi na moja. Alizitazama pale kibandani mpaka jua likazama, na mimi nilifunga duka nikakaa naye. Kwa hiyo leo usiku, kabla ya kuamua la kutengeneza au la kununua, chukueni diski ya nje au flashi kubwa, mnakili picha, vyeti vilivyopigwa skani na kazi za watoto. Mkimpa mtu mashine ya zamani, diski yake toeni au ifutwe kabisa na fundi. Ukiiweka kwenye kasha la USB inakuwa diski yenu ya nje, mradi ni nzima.

Mashine iliyokufa msiichome pamoja na takataka za ua. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na hata robo yake haikurejelezwa kwa njia rasmi. Betri ya lithiamu ikichomwa inalipuka. Iliyovimba msiitoboe, msiichaji, iwekeni mbali na watoto mniletee. Mimi natoa kinachofaa, na vijana wangu wawili wanajifunzia kuchomelea kwenye madabodi hizo kabla hawajagusa ya mteja.

Mkuu wa shule ameniruhusu nitumie ile meza ndefu ya chini ya mwembe mpaka saa kumi. Bisibisi ninazo, brashi ninazo, vibetri vya CR2032 nimekuja na thelathini. Walioleta mashine zao wapange foleni, nitafungua moja baada ya nyingine mbele ya mwenyewe, nimwonyeshe kilichomo na nimwambie ninachokiona. Kufungua na kuangalia silipishi. Wenye chaja tafadhali mje nazo, na wale wanafunzi wawili wa kidato cha tatu waliosema wanataka kushika taa, anzeni kuja.